Kabla ya kusema "weka mpya"

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi. Majaribio yalikuwa yamepangwa kama mabasi ya mwendokasi asubuhi, asaimenti ya saikolojia ya elimu nayo ilikuwa inanidai, na bumu... hilo la bumu tuliache, kila mtu ana kidonda chake.

Leo nataka kuongelea betri ya gari. Tena siyo la Vitz wala la Noah. Ni gari la michezo, Porsche Boxster, milango miwili, viti viwili, paa la kukunja. Msinicheke. Mimi hata baiskeli sina, na kabla ya mwezi uliopita gari la aina hiyo nilikuwa naliona kwenye kava za daftari tu. Lakini hilo gari karibu limfukuzishe kazi mjomba wangu, kwa hiyo nina haki ya kulisemea.

Nianze na msimamo wangu kabisa, ili anayetaka kubisha abishe mapema: haya maneno mawili, "weka mpya", yametufanya wavivu wa kufikiri. Na sisi tunaosomea ualimu wa sayansi tuna mchango wetu katika uvivu huo.

Sasa tuje kwenye mkasa wenyewe.

Mjomba wangu ni msimamizi wa nyumba moja kule Mbezi Beach. Mwenye nyumba, nitamwita Bosi, ni mtu wa safari. Anaweza kukaa nje miezi miwili, akarudi wiki moja, akaondoka tena. Boxster yake ya mwaka 2007 inabaki gereji imefunikwa turubai. Mjomba anaifuta vumbi, ila haruhusiwi hata kuiwasha.

Bosi aliporudi safari moja, akabonyeza rimoti. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya! Akaitwa fundi umeme wa pale mtaani, kijana mmoja wa umri wetu huu, aliyeishia darasa la saba na kujifunzia kazi chini ya mwembe. Hapo ndipo balaa la magari haya linapoanzia.

Kwenye Boxster injini iko katikati, nyuma ya viti. Betri iko mbele, chini ya kifuniko cha plastiki karibu na kioo, mle ambamo kwenye magari ya kawaida tungetegemea kukuta injini. Na mfuniko wa mbele unafunguliwa kwa swichi ya umeme. Umeme unatoka wapi? Kwenye betri. Betri iko wapi? Chini ya mfuniko. Umeelewa mchezo? Ufunguo wa kabati umefungiwa ndani ya kabati!

Wenye gari hawakusahau, dawa yake imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Unafungua mlango kwa ufunguo wa kawaida, taratibu, maana milango hiyo haina fremu, na kioo kilizoea kushuka kidogo kwa umeme kabla mlango haujaachia. Bila umeme hakishuki, kwa hiyo ukivuta kwa hasira unaumiza mpira. Halafu unaenda kwenye boksi la fyuzi kule chini miguuni, unavuta nje pini ya chanya, unaipa umeme kutoka betri nyingine, na waya wa hasi unaubana kwenye chuma cha komeo la mlango. Umeme huo ni wa kufungulia mfuniko tu. Ukidhani utawashia gari kwa njia hiyo, utaunguza nyaya.

Kijana alifanya hayo yote. Alama ya kwanza aliyopata ni king'ora, maana gari lilipopata umeme likaamini linaibiwa. Majirani wakatoka. Ila mfuniko ulifunguka. Akaitazama betri, akasema maneno yale mawili. Ikanunuliwa mpya ya saizi ileile, ampea-saa 70, shilingi laki tatu na nusu. Ya zamani ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Gari likaunguruma, Bosi akazunguka nalo siku mbili, akasafiri.

Akarudi baada ya siku 18. Akabonyeza rimoti. Kimya!

Jamani, mtu akipoteza laki tatu na nusu mara moja anasikitika. Akihisi amepoteza mara mbili, anatafuta mwizi. Bosi akasema hii siyo betri niliyolipia, mmeniwekea kuukuu mkala hela. Boksi la spana la kijana likafungiwa stoo. Mjomba akaambiwa mpaka Jumatatu awe amelipa au amefungasha. Mjomba ana watoto watatu wanaosoma.

Alinipigia Ijumaa usiku nikiwa najisomea ukumbini. Sauti yake siyo ile ninayoijua.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mjomba. Hivi wewe si unasoma hayo mambo ya umeme?"

Nikamwambia ndiyo, Fizikia na Hisabati.

"Basi njoo kesho. Njoo uniambie kama mimi ni mwizi."

Sikulala vizuri. Nikaazima mita kwa mshikaji mmoja wa uhandisi, nikaacha kitambulisho changu kama rehani, na asubuhi nikapanda daladala.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuhitaji digrii. Niliomba risiti na kadi ya dhamana ya betri. Kwenye kadi kuna namba, na kwenye betri kuna namba. Zilikuwa sawa, tarakimu kwa tarakimu. Kadi ilikuwa kwenye droo ya Bosi mwenyewe muda wote huo, na hakuna aliyeitazama. Bosi akaguna, akasema kama ni yenyewe basi ni feki. Haya, tukaendelea.

Nikapima: volti 9.8. Kwa wasiojua, betri ya asidi na risasi ya volti 12 ikiwa imeshiba na kupumzika inasoma kama 12.6 hadi 12.8. Ikifika 12.2 iko nusu hivi. Chini ya 12 hapo inaomba chakula. 9.8 ni njaa kali. Lakini njaa siyo kifo, na hili ndilo kosa letu kubwa. Tunaona gari haliwaki, tunaandika cheti cha kifo.

Tukaipeleka kwenye chaja. Hapa napo kuna mambo. Kuna watu wa kuchajisha wanaoweka mkondo mkubwa ili mteja asisubiri, betri inachemka mpaka inatoa povu. Kanuni ya kawaida ni karibu moja ya kumi ya ujazo wake: ampea-saa 70, basi ampea 7 zinatosha, na uvumilivu. Tukaanza kuchomoa waya wa hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Nikaona pia kuwa mpira mwembamba wa kutolea gesi haukurudishwa wakati ule wa kubadilisha. Betri inapochajiwa inatoa haidrojeni, na hii imekaa ndani ya boksi lenye mfuniko, siyo kwenye upepo. Kijana akakubali kosa palepale, akaurudisha.

Tulianza saa kumi jioni Jumamosi. Usiku umeme ukakatika masaa manne, mjomba akakaa macho akiulinda ule mkaa wetu usizime. Jumapili saa sita mchana chaja ikaonyesha imemaliza. Tukaiacha ipumzike saa mbili, tukapima: 12.7. Betri ilikuwa hai. Siyo feki, siyo kuukuu.

Sasa ikabaki swali la maana kuliko yote: nani aliyeila?

Hapo nikajiona profesa. Nikaweka mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi na waya wake, ili kila umeme unaotoka upite kwenye mita. Tukabana makomeo kwa bisibisi ili gari lijue limefungwa. Mita ikasoma ampea 3.2. Nikaruka! Nikamwita Bosi, nikamwambia nimepata ugonjwa, gari linavuja ampea tatu nzima.

Yule kijana fundi alikuwa amechuchumaa pembeni, hana hata spana zake. Akasema taratibu:

"Ticha, subiri gari ilale."

Nikamwangalia. Akaniambia magari haya ukiyafungua kompyuta zake zote zinaamka, na hazilali mpaka utulie nusu saa au zaidi bila kugusa kitu. Sikuwa nimewahi kusoma hilo popote. Nimefundishwa sheria ya Ohm, nimefundishwa Kirchhoff, nimepata B+ ya umeme na sumaku, lakini hakuna aliyeniambia kwamba gari linalala.

Tukasubiri dakika 40. Mita ikashuka yenyewe, hatua kwa hatua, ikasimama kwenye 0.21. Ningeondoka na ile 3.2 yangu ningemdanganya Bosi kwa jina la sayansi. Aibu niliyoiona mnaijua.

Sasa piga hesabu na mimi. Gari zuri likilala linatakiwa kula chini ya ampea 0.05 hivi. Hilo letu linakula 0.21. Zidisha kwa masaa 24, unapata kama ampea-saa 5 kwa siku. Betri ina 70. Gawanya: siku 14. Bosi alikaa nje siku 18. Kumbe betri ingekuwa ya dhahabu, ingekuwa ya malaika, bado asingekuta kitu! Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili. Iliandikwa nyuma ya bahasha, na ndiyo iliyomwokoa mjomba wangu.

Kijana akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja, mimi nikitazama mita. Hakuna iliyobadilisha kitu. Akafikiri, akafuata waya mmoja uliokuwa umeungwa moja kwa moja kwenye chanya bila kupita kwenye boksi la fyuzi, ukapotea chini ya zulia. Mwisho wake kulikuwa na kifaa cha kufuatilia gari, kile cha kuonyesha gari liko wapi, ambacho Bosi alifungiwa mahali fulani mwezi wa nne. Akakichomoa. Mita ikasoma 0.04.

Tukanyamaza wote. Kifaa kilichowekwa kuzuia wizi ndicho kilikuwa mwizi.

Sasa naomba nitoe maoni yangu, maana bila hayo hii ingekuwa stori tu.

La kwanza. Sisemi betri hazifi. Zinafa, na joto kama hili letu la pwani linaziwahisha. Miaka mitatu mpaka mitano ni umri wa heshima kwa betri nyingi. Lakini kifo kinapimwa. Ichaji ijae, iache ilale usiku mzima bila kuunganishwa. Ikishuka chini ya 12.4 yenyewe, hiyo inaumwa. Kisha washa gari mita ikiwa kwenye nguzo. Ikidondoka chini ya kama 9.6 wakati stata inazunguka, hapo sawa, weka mpya, na Mungu akubariki. Mita ya kawaida haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya betri ile. Kwa nini tunaanza na laki tatu na nusu?

La pili, kuwasha gari siyo kuchaji. Tunashtua betri kwa waya wa jirani, gari linaunguruma, tunalizungusha mpaka dukani na kurudi, tunasema limejichaji. Kazi ya altaneta ni kurudisha kidogo kilichotumika na kuendesha taa na redio, siyo kufufua betri iliyokauka. Na betri ikikaa siku nyingi ikiwa tupu, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake na haitoki tena. Hata gari lisilo na ugonjwa, likila 0.05, litamaliza ampea-saa 36 kwa mwezi, yaani nusu ya betri ile. Gari la kukaa linahitaji chaja ndogo ya kulishikilia. Bosi ana hela ya Boxster, ila hakuwa na chaja. Mwenye bajaji pale getini anaijua betri yake kuliko yeye.

La tatu ni kwa wale mtakaokuja kuwa na magari hayo (msinisahau). "Mpya" siyo moja. Kuna betri za maji, kuna zile ambazo asidi imenyonywa kwenye kitambaa cha nyuzi za kioo, na kuna za lithiamu. Porsche wenyewe walitangaza mwaka 2009 betri ya kuwashia ya lithiamu yenye uzito wa chini ya kilo 6, nyepesi kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ya risasi ya ampea-saa 60. Kila aina ina chaja yake. Na kuna magari, BMW nyingi kwa mfano, ambayo ukibadilisha betri lazima uiandikishe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo litaendelea kuichaji kama lilivyokuwa linachaji kikongwe. Hapo natofautiana na watengenezaji wa magari kwa ujumla. Kitu kinachokufa kila baada ya miaka minne hakipaswi kuhitaji kompyuta ya dukani ili kibadilishwe. Fundi wa chini ya mwembe anafungiwa mlango, halafu tunamtukana kwamba hajui.

La nne tunalisahau kabisa. Kila betri "iliyokufa" bila kufa inaenda mahali. Inavunjwa, asidi inamwagwa, risasi inayeyushwa. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisumisha watu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyepigania wakazi wale alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi haimuulizi mtoto kama baba yake ana gari. Kwa hiyo betri ya zamani ya Bosi, ambayo hakuna aliyeichaji wala kuipima kabla ya kuiuza kwa kilo, inanikosesha raha mpaka leo. Gari lilikuwa limekaa miezi miwili na mwizi ndani yake. Huenda nayo ilikuwa na njaa tu.

La mwisho linatuhusu sisi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukuandikia kemia yote ya betri ya risasi, akataja chanya na hasi, akapata alama zote tano. Mpe betri halisi na mita, atatetemeka. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilitetemeka, na nilikurupuka na 3.2 yangu. Upande wa pili kuna kijana anayejua gari linalala, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha kuzidisha ampea kwa masaa, kwa hiyo alishindwa kujitetea mbele ya Bosi. Mimi nilikuwa na hesabu bila gari, yeye alikuwa na gari bila hesabu. Katikati yetu mjomba wangu alikuwa anafungasha.

Tunaenda mazoezi ya kufundisha hivi karibuni. Wengi wetu tutabeba vitini na chaki. Mimi nimeamua kununua mita, hata kama itabidi nile wali maharage mwezi mzima. Na nikipangiwa shule yenye fundi umeme jirani, nitamwomba aje darasani kipindi kimoja awaeleze watoto jinsi gari linavyolala. Kama mkuu wa shule atauliza yupo kwenye muhtasari ukurasa wa ngapi, nitajua la kumjibu.

Mtauliza Bosi alisema nini. Alitazama ile bahasha muda mrefu, akasema "haya", akaingia ndani. Mjomba yupo kazini. Pole haikutolewa. Boksi la spana lilirudi Jumapili jioni, na kijana akalifungua pale pale getini, akahesabu spana moja moja. Namba 10 haikuwepo. Hakusema kitu.

Tulipokuwa tunatoka aliniuliza, "Ticha, ile kuzidisha kwa ishirini na nne, nirudie?" Tukachuchumaa kwenye mchanga, nikaandika kwa kijiti. Lilikuwa somo langu la kwanza kufundisha bila mtu wa kunisahihisha, na mwanafunzi alilielewa mara moja.

Nawasilisha. Mwenye mtazamo tofauti anijuze, ila asiniambie niweke mpya.